Makaa Kwenye Kifuniko cha Ndege

Kiprono mwanangu,

Salamu sikuandikii, maana tumesalimiana asubuhi na tutasalimiana tena ukirudi, kama kweli utarudi kabla giza halijaingia. Sasa hivi mvua ya mawe inagonga mabati ya laini yetu, hivi vyumba vya wachuma chai, mpaka sisikii hata mawazo yangu, na wewe uko kwa Mama Akinyi, unamuaga. Ulisema, "Mama, naenda mara moja tu." Mara moja yako naijua. Chai yako imepoa, nimeipasha, imepoa tena. Sasa nimeinywa mimi.

Ndiyo maana nimetoa karatasi. Barua hii nitakupa kesho ukiwa umeshaketi ndani ya ndege, uisome huko juu ambako huwezi kunijibu. Tukiongea kwa mdomo tunagombana. Mimi nikikasirika narudi kwa Kikipsigis, na wewe ukitaka kunimaliza unanijibu kwa Kijaluo cha marehemu baba yako. Kiswahili ndicho kilichotuweka pamoja katika chumba hiki, mimi wa Sigor, yeye wa ziwani, na wewe uliyezaliwa katikati yetu. Nilisoma mpaka darasa la tatu pale misheni, na mwalimu mwenyewe alisema mwandiko wangu unapita wa wavulana. Hebu tazama hizi herufi. Nitajie mwanamke mwingine katika mashamba haya ya chai ambaye "k" yake inasimama wima namna hii.

Mambo ya soksi na sabuni na kutolala na nguo mbichi sitakuandikia. Umekua. Na kama hujakua, karatasi haitakukuza.

Nataka kwanza ujue kwamba nimewaambia watu wote. Nimesema kanisani. Nimesema dukani. Nimemwambia yule mzee anayeleta viazi kutoka Londiani, ambaye hata hanijui jina. Juzi tukiwa tumepanga mstari na vikapu vyetu tukingoja mizani, nikasema kwa sauti, hata karani asikie, "Mtoto wangu anaenda Nairobi kusomea waya za ndege. Si kufagia uwanja, si kubeba mizigo ya wazungu. Waya!"

Mama mmoja wa Sigowet, yule mwenye mdomo, akaniuliza, "Ndege ina waya za nini? Inafungwa kama mbuzi?"

Wakacheka. Nikamwambia, "Mbuzi ni wewe uliyefungwa hapa kwenye chai. Waya ni za kupeleka moto."

"Moto gani?"

"Moto wa injini."

"Unapelekwa na waya, si na kuni?"

Kiprono, hapo nikakwama. Nilijua kwamba ni moto wa stima, wa cheche, lakini jinsi unavyotembea sikujua. Nikawa naangalia majani kwenye kikapu changu kana kwamba nimeona nyoka. Na nyuma yangu kwenye mstari, unajua nani aliyekuwa nyuma yangu. Mama Akinyi akafungua mdomo wake, akaeleza yote, polepole, kwa mikono, plagi iko hapa, cheche inaruka hapa, petroli inawaka hapa, mpaka yule wa Sigowet akasema, "Aa, kumbe." Hata karani alisimamisha kalamu. Mtoto ni wangu, nimemzaa mimi, na anayemweleza kwa watu ni mwanamke mwingine! Nilipima majani yangu nikaondoka bila kumngoja.

Nitakuambia wazi kwa sababu uko angani na hunioni uso. Nina wivu. Sikuanza leo.

Ulipokuwa umeacha shule na fundi Owuor akakuchukua ukamshikie spana pale uwanja wa ndege, mimi ndiye niliyekupeleka. Nilifurahi. Huyo mume wa Mama Akinyi ni mtu wa kazi, na hana pombe. Sikujua kwamba kitabu cha injini ni cha Kiingereza, na kwamba fundi anasomewa na mkewe mezani jioni, kwa sababu mke amefika darasa la saba na yeye hakufika. Na ndipo ukaanza kukaa kwenye meza hiyo. Mwanzo ilikuwa samaki. Ulirudi nyumbani ukinuka samaki, umeshiba, na ugali wangu unakutazama. Halafu ikawa "Mama Akinyi amesema." Mama Akinyi amesema radi ni cheche kubwa. Mama Akinyi amesema mvuke ni adui wa waya. Nikapanga siku moja nikuambie Mama Akinyi amesema ulale njaa.

Halafu ikawa Kijaluo. Baba yako alikufa ukiwa bado unatambaa kwenye sakafu hii, na lugha yake ikafa naye hapa ndani, kwa kuwa mimi sikuwa nayo. Ndugu zake walikuja kutaka kukupeleka kwao, nikakataa, na hata leo wangekuja ningekataa. Sasa unarudi kijana mwenye ndevu, unaongea kama baba yako, sauti ileile, na aliyekupa ni yule mwanamke. Nilifika kwao siku ya Pasaka, mkawa mnacheka kwa Kijaluo, na mimi nimeketi hapo kama gunia la mbolea. Anakuita Odhiambo. Jina ni lako, baba yako alikupa kwa sababu ulizaliwa jua likishuka, na mimi nikakuita Kiprono kwa sababu mbuzi walikuwa wanarudi. Jioni ileile moja. Lakini yeye akiliita lile jina, unaitika haraka kuliko ukiitwa na mimi. Nimesikiliza vizuri. Ni kweli.

Ndiyo maana yakatokea yale ya kifuniko.

Najua hutaki niyataje. Mashamba yote yanayataja, mimi ni nani ninyamaze? Ulikuja nyumbani Jumamosi na kile kifuniko cheusi kimefungwa kwa kitambaa, ukakiweka mezani kama yai. Ukaniambia kinakaa juu ya magneto, kile chombo kinachotengeneza cheche, na kwamba ndani yake kuna vichwa vidogo vya shaba, kila kimoja kinapeleka cheche kwenye plagi yake. Fundi amekuamini ukisafishe. Nikafurahi kwamba umekileta kwangu. Halafu ukasema, "Mama Akinyi amesema kipanguswe kwa kitambaa kikavu tu, na spiriti kidogo."

Kitambaa kikavu! Mimi, ambaye nimeosha vibuyu vya maziwa tangu sijajua kufunga shuka, nifundishwe kusafisha na mtu ambaye kwao maziwa yanawekwa kwenye chungu? Ukaenda kuimba kwaya. Nikanusa kile kifuniko. Kilikuwa na harufu ya kuungua. Nikasema, hiki kinataka dawa ya kibuyu. Nikachoma kijiti cha senetwet mpaka kikawa kaa jekundu, nikakisugua ndani kote, kila pembe, kila kichwa cha shaba, kama tunavyosugua kibuyu kabla ya kutia mursik, yale maziwa yetu ya kugandisha. Nikapangusa. Kikang'aa, kikanukia. Ulipokuja ukakitazama kwenye taa ukasema, "Mama, umekipangusa? Kimetakata." Nikasema ndiyo. Habari ya makaa sikusema, si kwa kuficha. Nani anamtangazia mtu kwamba ameosha kibuyu? Na kifuniko ni cheusi, na makaa ni meusi. Ungeona nini?

Jumatatu nilikuja uwanjani kujionyesha, huo ndio ukweli. Tulifukuza ng'ombe kwenye nyasi, ndege ikawashwa, ikanguruma vizuri kabisa hapo chini. Fundi akaisikiliza sikio upande huu na upande ule, akainua kidole gumba. Nikamwambia mama aliyekuwa kando yangu, "Hicho kifuniko nimesafisha mimi." Ndege ikapanda, ikaelekea msitu wa Mau, ikawa ndogo kama nzi. Halafu sauti ikavunjika. Ikakohoa, ikanyamaza nusu, ikakohoa tena, na ikageuka kurudi. Wewe ulikuwa unakimbia tu uwanjani na spana mkononi, utafikiri ungeidaka.

Bwana rubani akatua salama kwa sababu ndege ina magneto mbili na ya pili ilikuwa nzima. Akashuka amekuwa mwekundu kama udongo wa barabara. Fundi akafungua kifuniko. Ndani kulikuwa na mistari myembamba iliyoungua, imetambaa kutoka shaba moja mpaka nyingine kama mizizi. Akapitisha kidole, akanusa. Akanusa tena.

"Hii ni nini?" akasema. "Inanuka maziwa."

Wakipsigis wote waliokuwa pale wakajua papo hapo. Nilisikia mmoja akisema "Woi."

"Nani amekamua ng'ombe ndani ya injini yangu?"

Ukasema, "Ni mimi, fundi." Ukasimama mbele yangu, mabega yako yakanificha. Basi nikakusukuma nikasema, "Si yeye. Ni mimi. Na nilisugua vizuri!"

Wananicheka mpaka leo. Mama Makaa, ndivyo ninavyoitwa kwenye laini ya juu, na mimi naitika. Kucheka si kitu. Kilichoniuma ni kwamba rubani alitaka uondoke siku hiyohiyo usiguse tena ndege yake, na aliyekwenda kumsihi kwa Kiingereza, akasimama kwenye veranda yake na mvua ikimnyeshea, alikuwa Mama Akinyi. Si mimi. Mimi Kiingereza sina. Ulibaki kazini kwa mdomo wake, na kwa kubaki ndipo sasa unaenda Nairobi. Hilo bado sijamsamehe.

Na jana ukaniletea ombi lako. "Mama, kesho kutwa nataka mniage nyote wawili pale uwanjani. Mnitemee maziwa nyote wawili." Ulisema hivyo ukiwa unafunga viatu, kana kwamba unaomba chumvi. Kumtemea mtoto maziwa kifuani anapoondoka ni kazi ya aliyemzaa. Nikakuambia, "Nikimwona huyo mwanamke uwanjani, mimi nabaki chumbani." Ungenijibu tungegombana vizuri na yangeisha. Ulienda kupiga pasi shati. Tangu hapo tumekuwa tukisemezana habari za chai na sukari tu, na mimi sijui kama kesho nitakuja au sitakuja. Hata nikiwa naandika hapa sijui.

Naacha kidogo. Kuna mtu anabisha.

Nimerudi. Sasa nikuandikie kilichotokea, kwa sababu wewe ulikuwa bado kwao unakula na hujui.

Alikuwa yeye. Amejifunika gunia kichwani, miguu matope mpaka magotini, mawe ya mvua yamemjaa kwenye mikunjo. Kwanza nilifikiri ni jambo baya limekupata.

"Odhiambo yuko na fundi, wanakunywa chai," akasema. "Nimetoroka. Nipishe, nyieka, ninyeshewe na wewe unanitazama?"

Nyieka ndivyo anavyoniita siku zote, kwa lugha ya kwao ni mke mwenza, na siku zote namwambia mume wangu alikuwa na mke mmoja. Leo sikumwambia. Nikampa kigoda.

Akasema, "Nimekuja kukuambia kwamba kesho siji. Mtoto ameniambia ulivyosema. Ni siku yako. Mimi nitamwangalia kutoka kwa mlango wangu akipita juu."

Ungefikiri nitafurahi. Kiprono, nilichukia zaidi! Hata kuniachia, anataka awe yeye mwenye moyo mzuri. Mimi nibaki mwenye roho mbaya, na yeye amesimama mlangoni kwake kama mtakatifu, anapunga leso.

"Utakuja," nikamwambia.

"Sitaki vita uwanjani."

"Utakuja, na utasimama nyuma yangu."

"Nyuma kiasi gani?"

"Kiasi cha kwamba akitazama anione mimi kwanza."

"Wewe ni mfupi, Mama Kiprono. Nikisimama nyuma yako ataniona mimi tu."

Nilitaka kumtoa nje na gunia lake. Badala yake nikamuuliza lile swali ambalo limenikaa kooni tangu Pasaka. "Huwa mnacheka nini, nyinyi wawili, kwa Kijaluo?"

Hakuona haya hata kidogo. "Tunakucheka wewe. Siku hizi anaigiza vile ulisema 'nilisugua vizuri.' Anaweka mkono kiunoni hivi." Akaweka mkono kiunoni, na Mungu anisamehe, ilikuwa mimi kabisa. "Fundi huanguka kwenye kiti. Kila Jumapili anamwambia aigize tena."

Basi mnapokuwa huko, mnaongea juu yangu. Sikujua la kufanya na habari hiyo. Nikachochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa.

Halafu nikamwambia, "Nieleze ya waya. Yote. Sitaki yule wa Sigowet anikwamishe tena." Sijawahi kumwomba kitu tangu nimjue, na alinitazama kuona kama ni mzaha. Alipoona si mzaha akachukua kijiko na sufuria akaeleza, na mimi nakuandikia hapa ili ujue kwamba nimeelewa, na kama nimekosea ni yeye.

Cheche inataka kuruka. Ndiyo kazi yake. Hapa chini hewa ni nzito, imejaa, inaiziba cheche isitoke nje ya njia yake. Huko juu hewa ni nyepesi, na cheche inapata nafasi ya kuruka mahali ambapo chini isingeweza. Waya ileile, kifuniko kilekile, hapa kinashika na kule kinavuja. Kwa hiyo injini ikinguruma vizuri kwenye nyasi, bado hujajua kitu. Ndiyo maana vichwa vya shaba vinatenganishwa, waya zinavikwa mpira mnene, na ndege nyingine magneto yake inafungwa kabisa na kujazwa hewa kwa pampu kama tairi. Na jasho la kidole, na mvuke, na vumbi, vinaipa cheche pa kukanyaga. "Na makaa kuliko yote," akasema, "maana makaa yenyewe hupitisha stima. Uliichorea barabara, nyieka."

"Kwa hiyo hapa Kericho hewa ni nzito?"

"Hapa tuko juu tayari. Nzito ni ya kwetu ziwani."

"Ndiyo maana mnaongea kwa nguvu hivyo. Maneno yanazibwa."

Akacheka mpaka akashika kigoda. Na mimi nilicheka, lakini kidogo.

Nikasema, kama atakuja lazima ajue kutema, sitaki aniaibishe mbele ya watu wa kwetu. Nikamimina mursik kwenye kikombe. Akanusa akarudisha uso nyuma. "Hayo maziwa yenu ya majivu?" Nikamwambia anywe ajaze mdomo, asimeze, atoe kwa midomo kama mvua ndogo. Nikamwonyesha. Nilitema mlangoni pale, yakatoka kama umande, hata tone moja halikudondoka. Yeye akajaza mdomo, akafumba macho, akameza. Akajaza tena, akapaliwa, yakatoka puani, yakamharibia leso. Akakohoa mpaka machozi. Mwanangu, sijapata jioni nzuri kama hii tangu mwaka uanze! Darasa la saba, Kiingereza, kitabu cha injini, na maziwa yanamtoka puani. Nilimpigapiga mgongo. Nilimwambia arudie. Yuko vibaya sana. Kesho atakutia maziwa kwenye shati lako ulilopiga pasi, na usimlaumu, na usicheke mpaka nicheke mimi.

Ameondoka sasa. Nimempa mwavuli wa baba yako, ambao hata wewe sijawahi kukupa. Nakusikia ukija, naijua miguu yako kwenye changarawe, kwa hiyo nimalize.

Nina neno moja tu la kazi, nililolipata kwa gharama ya jina langu. Ukigusa kitu, sema umekigusa. Hata kama ni usafi tu. Hata kama unaona ni jambo dogo ambalo kila mama hufanya. Huko hakutakuwa na mtu wa kunusa akajua.

Na ukifika, andika. Barua ya kwanza iwe yangu, jina langu juu ya bahasha, Rakeli Chepkoech, kwa herufi kubwa, karani aione. Andika mambo yote ya waya, usiruke kitu ukidhani sitaelewa. Nitaifungua mimi mwenyewe na nitaisoma mimi kwanza, mpaka pale Kiingereza kitakaponishinda. Halafu nitavaa viatu nimpelekee amalizie, maana hakuna mwingine, na nitaketi hapo karibu kabisa nikiangalia midomo yake. Kama kuna Kijaluo cha kumwambia, kiandike mwishoni, mistari michache. Nimemwambia anifundishe. Kwa hiyo mjichunge.

Mama yako, aliyekuzaa,
Rakeli